Ukiambiwa Una Attitude

4 Machi

Shangazi, shikamoo.

Sikio linasemaje? Na magoti yamepatana na zile ngazi za mbele, au bado vinagombana? Mimi mzima. Mwenzangu ninayepanga naye chumba ameacha kukoroma tangu abadilishe mto, na hiyo peke yake inanitosha kushukuru. Baba mdogo nilimpigia, akasema wote hamjambo. Lakini Baba mdogo hata paa likiwa linaungua atasema hatujambo, ndiyo maana nakuandikia wewe mwenyewe. Najua simu kwako ni mlio tu. Uniwie radhi kwa mwandiko, naandikia kitandani.

Nina swali la Kiingereza. Umepiga chapa barua za mabosi maisha yako yote, kwa hiyo naomba unijibu kama karani, usinijibu kama shangazi.

Unajua kazi yetu. Tunafua mashuka na taulo za mahoteli. Mimi niko kwenye ile mashine ndefu ya kupiga pasi: wawili tunalisha shuka upande huu, roli la moto linalimeza, wawili wanalipokea upande wa pili likiwa limenyooka kama karatasi. Mbele ya roli huwa kuna kinga, bati la njano linalozuia vidole visifuate shuka. Ilikuwa inakwamisha kazi, basi fundi akaitoa, akaiegemeza ukutani nyuma ya mapipa ya sabuni, ikasahaulika huko. Mwezi uliopita mwenzangu mmoja mkono wake ulifuata shuka. Aliungua, lakini anaendelea vizuri.

Baada ya hapo nilifika siku moja mapema kuliko wengine, nikazima swichi kubwa, nikavuta stuli nikakaa mbele ya mashine. Nikasema hapa halipiti shuka mpaka kinga irudi mahali pake. Akaja msimamizi wetu. Sisi tunamwita Sawa-Sawa, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kuuliza "sawa?" Hakuuliza kinga iko wapi. Aliniangalia kuanzia kilemba mpaka viatu, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mimi nina attitude.

Nikamwambia asante.

Mama Pacha, ninayelisha naye shuka, akanikanyaga mguu. Lakini ningejuaje, Shangazi? Kwenye chumba chetu cha kulia pana bango kubwa, picha ya mtu amesimama juu ya mlima, na maandishi yanayosema attitude ndiyo kila kitu. Nimelitazama bango hilo nikitafuna tangu nianze kazi. Nilidhani nimesifiwa.

Kabla sijatoka nikaletewa barua ya onyo. Mahali pa kosa wameandika neno hilo moja, basi. Nimelitafuta kwenye kamusi nikakuta: mtazamo, msimamo. Sasa mtu anapewaje onyo kwa kuwa na msimamo? Wanataka nisaini kwamba nimekubali kosa na naomba radhi. Sijasaini.

Nijibu upesi.

Mwanao

———

19 Machi

Mwanangu, marahaba.

Huku hatujambo. Paka wa jirani amezalia kwenye kapu langu la nguo na sina moyo wa kumtoa. Baba yako mdogo ana pilikapilika za nyumba, wapaka rangi wanaingia na kutoka na viatu vyao. Hapa ninapoandikia pana giza kidogo, kwa hiyo kuhusu mwandiko tusichekane, ingawa wako umeharibika kabisa. Nilikushika mkono mwenyewe kukufundisha kuandika, na sikukufundisha hivyo.

Umeuliza neno. Zamani lilikuwa neno la wachoraji na wachonga sanamu, likimaanisha namna mwili ulivyokaa: huyu amesimama kifua mbele, huyu ameinamisha shingo. Baadaye likahama kutoka mwilini likaingia moyoni, likawa namna mtu anavyolichukulia jambo. Kamusi yako haikukudanganya. Ila kamusi inakuambia maana ya neno likiwa limelala. Likiamka likaingia mdomoni mwa mtu, ni habari nyingine.

Angalia linavyotumika. Likifuatana na sifa, ni zuri au baya kwa kadiri ya sifa yenyewe: attitude nzuri, attitude mbaya. Kwenye mabango hutembea peke yake na bado ni zuri, kwa sababu bango halimsemi mtu. Lakini mtu akikugeukia akasema unayo, bila kutaja ni ya namna gani, hapo amekutukana. Anasema una jeuri. Usishangae, hata sisi tunafanya hivyo. Kila mtu ana mdomo, lakini ukiambiwa una mdomo, hujasifiwa.

Hayo ndiyo majibu ya karani. Ya shangazi hukuyataka lakini nitakupa. Saini. Omba radhi, rudi kwenye mashine yako. Kazi siku hizi haziokotwi. Mimi mwenyewe nimeinama mara nyingi na shingo yangu bado iko mahali pake. Kuna wakati mtu anakubali jambo dogo ili watu wa pale walale kwa amani.

Msalimie huyo Mama Pacha. Anaonekana ana akili.

Shangazi yako

———

2 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Wale watoto wa paka wamefumbua macho? Usiwape watu wote, nibakizie mmoja hata kama sina pa kumweka.

Barua yako nimeisoma mara nyingi nikitafuta mahali uliposema ulikuwa unatania. Sijapaona. Wewe wa kuniambia niiname? Wewe uliyemleta mwalimu mkuu mpaka nyumbani kwetu aje anieleze kwa nini alinichapa? Nilikuwa darasa la pili na bado nakumbuka alivyokaa kwenye ukingo wa kiti.

Na hilo giza limetoka wapi? Chumba chako cha mbele kina madirisha mawili, na kwenye ile meza yako jua linakaa mpaka linakausha wino.

Tuache hayo. Umesema tuangalie linavyotumika, basi nimeangalia. Tangu nipate barua yako nimetega masikio kazini kama mpelelezi. Dereva wa gari la taulo alikataa kupakia mzigo uliozidi, wakasema ana attitude. Mama Pacha aliomba ruhusa ampeleke mtoto hospitali, wakamnyima, akaenda, aliporudi akawa nayo yeye pia. Msichana wa kukunja foronya aliuliza tu kwa nini feni haifanyi kazi. Naye anayo. Meneja anaingia asubuhi anapita katikati yetu kama anapita kwenye viti, hamsalimii hata mtu mmoja. Nikamuuliza Sawa-Sawa, "Na meneja je, anayo?" Akasema, "Meneja ana mambo mengi kichwani, sawa?"

Kwa hiyo nimelielewa neno lako, Shangazi. Linashuka tu. Halijawahi kupanda ngazi.

Wameniweka pembeni nikunje taulo ndogo mpaka kikao kifanyike mwishoni mwa Mei. Mashine inaendelea kufanya kazi bila kinga. Wenzangu wanalisha shuka wakiwa wamerudisha vidole kama wanamlisha mbwa wasiyemwamini. Barua ya onyo iko kwenye mkoba wangu, kila siku Sawa-Sawa ananiuliza kama nimesaini, kila siku namwambia kalamu imeisha wino.

Sitasaini. Na nakuomba kwa heshima zote, usiniambie tena niiname.

Mwanao

———

11 Mei

Mwanangu, marahaba.

Najua umesubiri. Nilikuwa nimekasirika, na sikutaka kuandika nikiwa hivyo. Kwanza nilikukasirikia wewe kwa kunikumbusha mwalimu mkuu. Halafu nikakasirikia jambo jingine.

Jambo lenyewe ni hili. Nilizichukua barua zako hizi mbili nikaziweka kando ya ile ya Desemba. Ya Desemba herufi zimelalia kulia, kama nilivyokufundisha. Hizi mbili zimelalia kushoto, na kila mstari wino umepakaa, kwa sababu mkono umepita juu ya maandishi kabla hayajakauka. Nimekaa maofisini miaka yote ile nikisoma miandiko ya watu. Huo ni mkono wa kushoto, tena wa mtu asiyeuzoea. Hakuna mwenzako aliyeungua. Ni wewe.

Usiniandikie kwamba unaendelea vizuri. Niambie vidole vinakunja au havikunji, na ni vipi. Niambie nani anakufulia, nani anakufunga kilemba.

Sasa nafuta niliyosema mwezi wa tatu. Usisaini.

Nisikilize vizuri, hapa naongea kama karani. Barua za onyo nimezipiga chapa nyingi mno. Bosi akiwa na kosa la kweli mkononi, hutaja kitendo. Alichelewa. Alilala kazini. Alimtukana mteja. Naandika, tunamaliza. Lakini kuna siku bosi anakuja amefura, anazunguka meza yangu, anajua anataka kumwadhibu mtu ila hana la kusema, maana akilisema litamgeukia. Siku hiyo ndiyo ananiambia, andika attitude. Ni jina, mwanangu, na jina halina saa wala mahali. Huwezi kulijibu, kwa sababu hujaambiwa ulifanya nini.

Kwa hiyo ukienda kwenye kikao usibishane nao juu ya maana. Watafurahi sana mkibishana juu ya maana mpaka chai iletwe na kikao kifungwe. Wewe waombe kitenzi. Waambie waandike ulichofanya. Ukishasema hivyo nyamaza, usiwasaidie hata kidogo. Kimya kitawachosha wao kabla hakijakuchosha wewe.

Kuhusu giza, balbu iliungua.

Shangazi yako

———

30 Mei

Shangazi, shikamoo.

Najibu kwa mpangilio uliotaka. Kidole gumba na cha shahada vinakunja. Cha kati kinafika nusu njia. Viwili vya mwisho bado vigumu, na ngozi imekuwa ya kung'aa kama imepakwa mafuta. Daktari ameniambia nifinye mpira kila siku, nami naufinya nikimfikiria mtu fulani. Kilemba ananifunga mwenzangu wa chumbani. Nguo anafua Mama Pacha, na ukimshukuru anakasirika. Mistari hii ya juu nimeiandika kwa mkono wa kulia. Utaona mwenyewe nilipochoka nikahamia kushoto.

Sikukuambia kwa sababu ungepanda basi kesho yake na magoti yako yale.

Kikao kilikuwa Alhamisi, chumba cha juu chenye zulia. Meneja, Sawa-Sawa, mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi mwenye kalamu, na mimi. Mama Pacha aliruhusiwa kukaa nami awe shahidi. Meneja alianza kwa upole.

"Saini tu tumalize. Ni jambo dogo."

"Nilifanya nini?" nikamuuliza.

"Ulionyesha attitude."

"Niliionyesha kwa kufanya nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Nataka iandikwe. Andikeni nilichofanya, nitasoma, kisha tutaongea mambo ya saini."

Nikanyamaza, kama ulivyosema. Meneja akatazama karatasi. Sawa-Sawa akatazama zulia. Mama Pacha akaanza kupumua kwa sauti. Mwishowe yule mama wa ofisi akasema taratibu, "Tunaweza kuandika kwamba alizima mashine."

"Andika," nikasema. "Na uandike kwa nini niliizima."

"Aliizima kwa kiburi," akasema meneja.

"Na mashine yenyewe ilikuwaje nilipoizima?"

Hapo meneja akamgeukia Sawa-Sawa amsaidie. Na Sawa-Sawa, maskini, amezoea kuripoti tu, akaeleza kama anavyoeleza kila siku: "Kinga ilikuwa haipo kwenye mashine, sawa?"

"Sawa," nikajibu.

Yule mama akaandika. Aliandika yote: kwamba nilizima mashine isiyo na kinga, na kwamba mashine hiyo ilikuwa imeniunguza mkono. Nikauweka mkono wenyewe juu ya meza ili asikosee upande. Meneja akasoma, akasoma tena, akasema karatasi hiyo haiwezi kutoka chumbani ikiwa hivyo. Mama Pacha akamwambia, "Si lazima itoke. Sisi tunatoka nayo kichwani."

Nisikudanganye kwamba nimeshinda. Onyo halijafutwa. Limo kwenye faili langu bila saini, na litakaa hivyo. Mimi nimehamishiwa nguo chafu, kule mashuka yanakofika kama yalivyotoka vitandani, na nisikusimulie. Lakini Ijumaa asubuhi Mama Pacha na wale wapokeaji wawili walisimama mbele ya mashine mikono nyuma, hakuna aliyeshika shuka. Sawa-Sawa akawaambia wana attitude. Wakamuuliza, kwa pamoja, wamefanya nini. Kabla ya mapumziko ya chakula fundi akaja na bisibisi, na ile kinga akaitoa nyuma ya mapipa, imejaa buibui. Niliisikia ikifungwa nikiwa kule nyuma, nikaacha mashuka nikaja kuitazama.

Sasa zamu yako. Nilimpigia Baba mdogo nimuulize kama balbu imebadilishwa. Akasema, "Balbu gani?" Nyuma yake nikasikia mwanamume nisiyemjua anaulizia ufunguo wa chumba cha mbele. Nikauliza ni nani. Baba mdogo akasema, "Shangazi yako siku hizi ana jeuri sana." Nikamuuliza umefanya nini. Akakata simu.

Shangazi, unalala wapi?

Mwanao

———

27 Juni

Mwanangu, marahaba.

Nalala chumba cha mbele. Ila nikikuachia hapo nitakuwa nimekudanganya, maana nimekirudia Jumatatu iliyopita.

Mwezi wa pili baba yako mdogo alikuja na habari ya mpangaji. Nyumba kubwa, akasema, na mimi ni mtu mmoja, stoo ya kando ya jiko inanitosha kabisa, tena ni kwa muda. Wakatoa kitanda changu wakaleta godoro, kwa sababu kitanda hakikuingia mlangoni. Meza ikabaki kwa mgeni. Stoo haina dirisha. Nilikubali kwa sababu nilichoka kubishana na watu ninaowapenda. Ile barua niliyokuambia uiname niliiandika nimekaa juu ya ndoo, karatasi magotini, na nadhani aliyekuwa anashawishiwa ni mimi.

Barua yako ya kikao niliisoma pale pale kwenye ndoo. Nilipofika ulipoweka mkono mezani, nikainuka.

Nilimwita baba yako mdogo. Akaja na mke wake, wakasimama jikoni kwa sababu kwangu hapakuwa na pa kukaa. Nikamwambia narudi chumbani kwangu. Akaanza, kwamba siku hizi nimebadilika, nina kiburi, nina jeuri, kwamba hata watoto wameanza kuuiga ubishi wangu.

"Nimefanya nini?" nikamuuliza.

"Wewe husikilizi watu."

"Mlisema nini nisisikilize?"

"Tulisema uhame."

"Nikahama. Niko stoo tangu mwezi wa pili. Kingine?"

Mke wake akamtazama kama ndiyo kwanza analisikia swali. Nikangoja. Baba yako mdogo nilimbeba mgongoni akiwa hajui kutembea, na nikamwangalia mpaka akatazama pembeni. Ndipo nikamkumbusha kwamba baba yetu alipolala bila kuweza kujigeuza, aliyekuwa anamgeuza katika chumba hicho ni mimi. Wao walikuwa wanakuja kumsalimia tu. Akasema hayo ni mambo ya zamani. Nikamwambia ndiyo, na niliyafanya.

Mpangaji mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni amesikia yote. Ni fundi saa, mtu mtaratibu, hakuwa amejua kwamba kuna mtu aliyetolewa ili yeye aingie. Alidhani mimi ni mtumishi wa jikoni. Alikunja shuka zake, akaja akashika upande mmoja wa kitanda changu, mimi nikashika wa pili, tukakirudisha ndani wawili. Magoti yalilia njia nzima. Amepata chumba mtaa wa nyuma, karibu na kazini kwake, na juzi alipita kunitengenezea saa ya ukutani bila kuombwa.

Watu wa hapa sasa wanasema nimeharibikiwa uzeeni. Jirani ananiuliza kwa huruma kama niko sawa. Namwambia sijawahi kuwa sawa hivi.

Wewe endelea kufinya mpira. Kule kwenye nguo chafu vaa glavu mbili upande wa kulia, wasipokupa zidai, na uwaambie nani amekuagiza. Ukipata likizo njoo, kitanda kinatutosha wote.

Baba yako mdogo amenitumia ujumbe kupitia kwa mkewe kwamba hatakanyaga hapa mpaka nimwombe radhi. Nimemjibu kwamba radhi sina. Chai naipika saa kumi, kila siku.

Shangazi yako